Wazimu na Dhima

Siku ya Ijumaa, tarehe 22 Julai 2011, Anders Behring Breivik, raia wa Norway mwenye umri wa miaka 32, alilipua bomu kwenye majengo ya serikali mjini Oslo, akaua watu 8. Kisha, akiwa amevaa sare ya polisi, alivuka maji hadi kisiwa cha Utøya, ambako vijana wa Chama cha Wafanyakazi walikuwa wamepiga kambi. Huko aliua wengine 69, wengi wao hawajatimiza miaka 20. Hakukana kwamba yeye ndiye aliyetenda. Swali lililobakia mbele ya mahakama lilikuwa moja: aliyeua ni mgonjwa, au ni mwovu?

Swali hilo ni kongwe. Fiqhi ya Kiislamu humwondolea taklifu mtu aliyepotewa na akili. Sheria za jinai za Kenya na Tanzania zilirithi kanuni ya Kiingereza iliyotokana na kesi ya M'Naghten ya mwaka 1843, inayouliza kama maradhi ya akili yalimzuia mshtakiwa asijue alitendalo, au asijue kuwa ni kosa. Norway wakati ule ilifuata njia nyingine. Ilitosha kwamba mtu alikuwa na saikosisi, yaani ugonjwa unaomtenga na uhalisi, alipotenda kitendo chake. Haikuhitajika kuonyesha kuwa ugonjwa ndio uliomsukuma. Mtu wa namna hiyo haadhibiwi, hutibiwa.

Madaktari wawili wa kwanza waliripoti mwezi Novemba 2011 kwamba mshtakiwa ana skizofrenia. Wawili wengine, Aprili 2012, wakasema hana saikosisi. Waendesha mashtaka wakaomba apelekwe kutibiwa, kwa hoja isiyokosa uungwana: penye shaka, heri mzima atibiwe kuliko mgonjwa aadhibiwe. Aliyepinga kwa nguvu zote kuitwa mgonjwa ni muuaji mwenyewe, kwa kuwa alitaka mauaji yake yahesabiwe kuwa siasa.

Hapo ndipo penye ugumu. Je, kumwita mzima si kumpa alichokitaka? Na je, mwenye akili zake anaweza kuwawinda watoto kisiwani?

Kiswahili chenyewe kina mtego katika jambo hili, maana neno wazimu hubeba maradhi na hubeba tusi. Asemaye "huyu ni mwendawazimu" huenda anataja ugonjwa, na huenda anaonyesha tu jinsi anavyochukizwa na kitendo. Kuyachanganya mawili hayo ni kuwadhulumu wagonjwa wa kweli, ambao walio wengi hawamdhuru mtu. Tena ni kujipa faraja isiyo na msingi, kana kwamba uovu hauwezi kukaa katika akili timamu, ukapanga, ukahesabu na ukangoja miaka.

Madaktari wa kwanza walizichukua baadhi ya kauli za mshtakiwa, kama ile haki aliyojipa ya kuamua nani aishi na nani afe, kuwa dalili za ugonjwa. Mahakama ilizitazama kauli hizo pamoja na itikadi ya siasa kali za kulia, ikaona kwamba chuki ile ina wasemaji wengine na ina maandishi yake. Ndoto ya mgonjwa ni yake peke yake. Chuki yenye wafuasi ni jambo jingine, na kuiita ugonjwa ni kuwaachilia wale wanaoieneza wakiwa na afya zao.

Tarehe 24 Agosti 2012 mahakimu wote watano walikubaliana kwamba alikuwa na akili timamu. Walimhukumu kifungo cha miaka 21, kisichopungua 10, kinachoweza kurefushwa miaka mitano mitano maadamu yeye angali hatari. Baadhi ya waliofiwa na walionusurika walisema wamepata faraja. Basi muuaji na wahanga wake waliomba jibu moja kwa sababu zinazopingana: yeye apate kutukuzwa, wao wapate mtu wa kumlaumu.

Wapo waliopiga hesabu, wakaona miaka 21 kwa roho 77 ni kama miezi mitatu kwa kila roho. Lakini hakuna kifungo kinacholingana na roho, hata moja. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: katika kesi hiyohiyo, mmoja wa wazee wa baraza aliondolewa siku ya pili, baada ya kubainika kuwa alikwisha kuandika kwamba haki pekee ni kifo. Hata mtu wa aina ile alistahili hakimu asiyekata shauri kabla ya kusikiliza.

Kama angeonekana mgonjwa, wodi ya kumtibia ilikuwa imekwisha kutayarishwa ndani ya gereza lilelile la Ila. Kuta zingekuwa zilezile. Kilichobishaniwa ni neno, na neno halikuwa dogo: mgonjwa hupatwa na jambo, mwenye akili hulitenda. Wale 77 hawakupatwa na ajali ya akili ya mtu. Walidhulumiwa, na aliyewadhulumu alijua. Miaka 10 ilipotimia, aliomba kuachiliwa. Mwaka 2022 mahakama ilimsikiliza, ikamkatalia.