Nani Huzamisha Chombo?

Msomaji, ukitembea katika pwani yetu maji yakiwa yamekupwa, tangu Vanga mpaka visiwa vya Lamu, hukosi kuona mahali fulani mabaki ya chombo cha zamani. Mkuku umelala matopeni karibu na mikoko, mataruma yamesimama kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kiangazi, na misumari imeliwa na kutu. Kaa huingia na kutoka palipokuwa na shehena. Chombo kama hicho, kama kilikufa kwa uzee, hakimhuzunishi mtu sana. Kilifanya kazi yake, kikachoka, kikaachwa. Lakini viko vyombo vingine ambavyo havikungoja uzee. Vilizama vikiwa na watu ndani yake, na watu hao walikuwa na safari ya usiku mmoja, au ya dakika chache tu. Juu ya vyombo hivyo nataka tuulizane swali: ni nani huvizamisha?

Jawabu jepesi liko tayari vinywani mwetu. Husemwa kuwa ajali haina kinga. Husemwa tena kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hizi zina heshima yake, na waliozitunga waliijua bahari kuliko mimi. Zina faraja kubwa kwa mfiwa. Hapana mtu mwenye moyo awezaye kwenda matangani akamwambia mjane kuwa mumewe angalipona kama watu fulani wangalifanya hivi au vile. Lakini faraja ya matanga si hukumu ya haki. Methali iliyotungwa kumfuta mtu machozi yaweza kutumiwa na mwingine kufuta kosa lake.

Basi tuyatazame mambo yenyewe. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mtongwe kwenda kisiwa cha Mombasa ilipinduka karibu na gati. Watu 272 walikufa, na wengi wao walikuwa wakienda kazini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli hiyo ilikuwa na idhini ya kuchukua abiria wapatao 600. Tume iliyochunguza msiba huo ilieleza baadaye kuwa waliokuwamo walizidi 2,000. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, kikiwa kimekaribia kabisa kisiwa cha Ukara. Idhini yake ilikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Mahali ni mbalimbali na maji ni mbalimbali, lakini kisa ni kimoja: watu walizidi kiasi cha chombo.

Wewe uliyesoma sayansi wajua kuwa chombo huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Kila mzigo unapoongezwa, chombo hushuka kidogo, na ukingo wake hukaribia maji. Tena, watu wakijaa na kusimama juu, uzito nao hupanda juu; mtikiso mdogo ambao jana ulikuwa si kitu, leo hukiinamisha chombo. Watu wakishtuka na kukimbilia upande mmoja, uzito hukimbia pamoja nao. Bahari haikufanya hila yoyote. Sheria yake ya leo ndiyo ile ile ya jana, na haimwonei mtu wala haimpendelei mtu. Tukiilaumu bahari, twamlaumu shahidi na kumwacha mshtakiwa.

Lakini mshtakiwa ni nani? Hapa ndipo ugumu ulipo. Ikiwa chombo kina idhini ya watu 101, je, mkosaji ni yule wa 102? Yeye atasema, "Mimi ni mtu mmoja tu, mtu mmoja hazamishi chombo." Atasema kweli. Wa 103 naye atasema hivyo, na wa 150, na wa 200. Kila mmoja ana kweli yake mkononi, na chombo kimezama. Wazee wetu walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba, na sisi tulizoea kuitumia methali hiyo kwa akiba na heri. Tulisahau kuwa kibaba cha shari nacho hujazwa vivyo hivyo.

Ruhusa nikupe kisa changu mwenyewe, kwa sababu si vema kuwasema watu wengine tu. Nilipokuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, nilisafiri kwenda nyumbani Lamu kwa sikukuu ya Idd. Nilifika Mokowe jua limekaribia kuchwa, na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Boti iliyokuwa gatini ilikuwa imejaa. Nilikuwa na sanduku la vitabu, na kiburi cha mtu ambaye karibu ataitwa mwalimu. Nilimwambia nahodha, "Ami, nichukue tafadhali. Mtu mmoja hazamishi chombo."

Alinitazama, akanijibu, "Mwanangu, kila mmoja wa hawa uwaonao aliniambia neno hilo hilo."

Lakini alinichukua. Sikuwa na dharura yoyote. Boti nyingine ilikuwa njiani, na kungoja kwangu kungalikuwa kwa saa moja. Tulipofika katikati ya mlango wa maji, mawimbi yalianza kuingia ndani. Watu walikumba maji kwa mikono na kwa sufuria. Nahodha alitoa amri mizigo mizito itoswe, na kitu cha kwanza kilichokuwa karibu na mkono wake kilikuwa gunia la mchele la bibi mmoja mzee. Gunia likaenda. Sanduku langu lilikuwa zito kuliko gunia lile. Nililikalia, nikanyamaza.

Tulifika salama. Bibi yule alisema, "Alhamdulillahi, mali hutafutwa, roho haitafutwi," akashuka mikono mitupu. Mimi nilienda nyumbani na vitabu vyangu vikavu. Usiku ule nilijiambia kuwa hapakutokea neno. Hakuna aliyekufa, basi hakuna aliyekosa.

Je, msomaji, hivyo ni kweli? Fikiri boti mbili zinazoondoka gatini saa moja, zimejaa sawasawa, zina nahodha wawili wenye moyo mmoja. Moja yafika. Nyingine yapigwa na wimbi upande na kuzama. Watu watamtukuza nahodha wa kwanza kwa ustadi wake na kumfunga wa pili kwa uzembe wake. Lakini kilichowatenganisha si nia zao wala matendo yao, ni wimbi moja tu. Mimi nimeridhika kuwa kosa halifanyiki mahali chombo kinapozama. Lilikwisha fanyika gatini, wakati mguu ulipoinuliwa kutoka nchi kavu. Msiba ulipotokea, ulifichua kosa lililokuwapo. Na msiba usipotokea, kosa lipo vile vile, ila limefunikwa na bahati. Kwa hiyo mtu aliyefika salama asijisifu. Na ajiulize kabla ya safari ya pili, maana bahati ikizoeleka huitwa ujuzi.

Huenda ukaniuliza, "Mwalimu, je, wale waliokwenda kazini asubuhi ile ya Mtongwe, nao wakosaji?" Ni swali la haki, na sipendi kulikwepa. Kibarua anayechelewa hupoteza ujira wa siku, na pengine kazi yenyewe. Kumwambia angoje feri nyingine ni rahisi kwa mtu ambaye watoto wake wamekwisha kula. Kwa hiyo sikubali kuwa wote hukosa sawa. Lawama yafaa ifuate uwezo. Nahodha ana uwezo wa kukataa kung'oa nanga. Mwenye chombo ana uwezo wa kumlinda nahodha anayekataa, au kumfukuza. Mkaguzi ana uwezo wa kuhesabu. Wenye mamlaka wana uwezo wa kuongeza vyombo ili maskini asilazimike kuchagua baina ya mkate na roho. Abiria maskini ana uwezo mdogo kuliko wote, na lawama yake ni ndogo kuliko zote. Lakini mimi pale Mokowe sikuwa maskini wa wakati. Nilikuwa na hiari, nikaitumia vibaya.

Twafikiri kuwa ukigawa kosa kwa watu mia, kila mmoja hubaki na chembe, kama mkate unavyogawanywa. Kosa si mkate. Watu mia wakibeba jiwe pamoja na kuliangusha juu ya mtoto, mtoto hafi kwa sehemu moja ya mia. Hufa mzima. Kila aliyeshika jiwe kwa hiari yake, huku akijua, ana deni juu ya kifo kizima.

Historia ya Uingereza ina mfano mmoja unaofaa kukumbukwa. Katika karne ya 19, meli nyingi za biashara zilipakiwa kupita kiasi, zikazama na mabaharia wake. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipigania sheria kwa miaka, na mwaka 1876 Bunge liliamuru kila meli ya biashara ichorwe mstari ubavuni kuonyesha mwisho wa shehena. Lakini sheria ile ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuuchora! Ikapita miaka 14, mpaka 1890, ndipo mahali pa mstari palipotiwa katika sheria. Tusiwacheke watu hao. Kila mmoja wetu ana mstari moyoni mwake, na karibu wote twauchora juu kidogo ya mahali tulipo, ili tusiwe tumeuvuka.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu usiku wa Spice Islander I. Ilielezwa kuwa baadhi ya watu waliofika bandarini Unguja waliitazama meli ilivyojaa, wakakataa kupanda. Hatuyajui majina yao, wala hawakujengewa mnara. Yamkini walichekwa na kuitwa waoga. Ushujaa wa kuingia katika hatari huonekana na watu wote, lakini ushujaa wa kubaki nyuma hauna mashahidi. Hata hivyo watu hao walijibu kwa miguu yao swali ambalo sisi twalijibu kwa kalamu. Ingalikuwa kila mtu amejihesabu kama walivyojihesabu wao, meli ile ingaliondoka nyepesi.

Bibi yule wa mchele alikufa kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwake kukiri. Sikumlipa gunia lake. Tangu siku ile nimebaki gatini mara nyingi, jua likichwa, huku boti iliyojaa ikiniita, na kila mara nasikia tena jawabu la nahodha. Nawe msomaji, siku moja utasimama mahali penye watu wengi, pengine si gatini, na moyo wako utakuambia kuwa mtu mmoja si kitu. Jihesabu kwanza. Kama chombo kimejaa, kawia ufike.