Walibishana Huku Wakikubaliana

Kiingereza cha vikaoni kina semi tulizozizoea mno hata hatuzitilii shaka, nazo ndizo zinazoponza watu. Winston Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili, amesimulia kisa kilichowapata maofisa wa majeshi ya Uingereza na Marekani. Walikutana Washington mwishoni mwa Desemba 1941, wiki mbili tu baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor.

Waingereza walikuwa na waraka waliotaka ujadiliwe kwa haraka. Wakawaambia wenzao kwamba wanataka "to table" waraka huo. Kwa Mwingereza, maana yake ni kuuleta mbele ya kikao. Kwa Mmarekani, ni kuutia kwenye droo na kuusahau. Yakazuka mabishano marefu, tena makali, mpaka pande zote mbili zilipogundua kwamba zilitaka jambo lilelile.

Kinachonisikitisha ni dalili zilizopuuzwa. Mtu mwenye haraka ya jambo, akionekana ghafla anataka liwekwe kando, kuna kitu hakijaeleweka. Tena, pande zote ziliupa uzito waraka uleule, na bado zikavutana! Swali moja tu, "Mnataka ufanywe nini hasa?", lingemaliza ubishi. Lakini ni nani huuliza maana ya neno la lugha aliyozaliwa nayo? Nadhani hapo ndipo walipokwama: kila mmoja alijiona mwenyeji.

Nasi hatujasalimika. Mabunge ya Kenya na Tanzania yamerithi desturi ya Uingereza, na hati ikiwasilishwa mezani huwa imefika rasmi mbele ya wabunge. Katika Bunge la Wawakilishi la Marekani, hoja ya kuliweka jambo mezani ikipita, jambo hilo limezimwa, na hoja yenyewe haina mjadala. Mimi na wewe, tunaoandikiana na wafadhili au waajiri wa huko, tunaweza kujikwaa palepale.

Tuseme wazi, basi: "tulijadili leo" au "tuliahirishe". Mwenzako akipinga jambo ulilodhani analitaka, muulize kabla hujapandisha sauti. Nawe katibu wa kikao, unapoandika muhtasari, usiuache usemi "to table" peke yake. Andika kwamba jambo limejadiliwa, limeahirishwa hadi tarehe fulani, au limeondolewa.