Kabla Hujatia Dole Gumba

Wajukuu zangu, mkija kuniambia mmepata kiwanja Chanika kwa bei ya kutupa, na dalali anawahimiza kwa kuwa eti mwenyewe ana shida ya haraka, msitegemee nipige vigelegele. Nitauliza anayeuza ni nani. Halafu nitauliza mkewe yuko wapi.

Hilo la mke huwa mnalicheka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mkilipa leo, mke akarudi kesho kutoka msibani na kukuta mafundi wanabomoa jiko lake, mmenunua kesi. Mwambieni aje, asikie bei kwa masikio yake, asaini mbele ya wakili.

Mwenye mali akiwa marehemu, hapo ndipo vijana wengi huliwa. Kaka mkubwa atawatolea muhtasari wa kikao cha ukoo, una saini za mashangazi na dole gumba la bibi, aseme yeye ndiye msimamizi. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, kwa hiyo ombeni barua ya uteuzi, mwende nayo kwenye mahakama iliyoitoa mkaulize. Hata akiwa nayo, mali hiyo ni ya warithi wote, na warithi wana kawaida ya kujitokeza nyumba ikishafika kwenye lenta.

Muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nao si hati. Mwenyekiti ni shahidi tu. Kama kiwanja kimepimwa, chukueni namba ya kiwanja na kitalu mkafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, muone jina la mmiliki na kama benki imekishikilia. Kama hakijapimwa, waulizeni majirani wa pande zote. Mwende bila dalali.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni hii mikopo ya kausha damu. Mtu anakopa laki tano, anapewa karatasi asaini, anaambiwa ni ya dhamana tu. Kumbe juu imeandikwa mkataba wa mauziano ya nyumba, na mahali pa bei pameachwa wazi. Akishindwa kulipa, anaambiwa aliuza. Atalia mahakamani kwamba walielewana kwa mdomo, ila sheria ya ushahidi haipendi maneno ya mdomo yapingane na maandishi aliyoyasaini mtu mwenyewe. Kuthibitisha ulaghai kunawezekana, lakini ni safari ndefu, na nyumba ina watoto ndani. Someni kuanzia kichwa cha habari. Palipo wazi, pigeni mstari. Ondokeni na nakala yenu, na anayekataa kuwapa nakala arudishiwe kalamu yake.

Msiseme wakili ni wa matajiri. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria hawatozi asiye na uwezo. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu. Likishindwa, shauri la ardhi linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na yule mwenzenu aliyemegewa shamba na jirani, ambaye kila mwaka anasema atashtaki mambo yakitulia, mwambieni muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na jirani anaihesabu. Aende wiki hii.