Mbwa Avutaye na Mkono Umshikao

Mtu na mbwa watokapo pamoja, kigwe kimoja hufunga nia mbili. Mtu ana saa yake ya kurudi nyumbani. Mbwa ana pua isomayo kila jiwe la njiani. Mwendo wa mnyama ni wa haraka kuliko wa bwana wake, basi huvuta. Havuti kwa uasi wala kwa kiburi, bali kwa sababu akitakacho kiko mbele. Hapo huzuka swali lidhaniwalo kuwa la dukani, na kumbe ni la uadilifu: avishwe mkanda wa shingo au mikanda ya kifua?

Shingo ni mlango wa uhai. Humo hupita hewa, chakula na damu ya kichwani. Mbwa avutapo kwa shingo, nguvu yote huangukia mahali hapo pembamba, akakohoa na kukoroma. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupima macho ya mbwa 26. Mvuto wa shingoni ulizidisha msukumo wa ndani ya jicho. Wa kifuani haukuuzidisha kwa kiasi cha kutajika. Basi kikohozi kisikiwacho si dhara lote.

Wako wasemao kuwa maumivu ni mwalimu. Kwa ajili yao ilibuniwa minyororo inyongayo na mikanda yenye miiba ya chuma. Ni kweli kwamba mbwa aumizwaye aghalabu huacha kuvuta, lakini kuogopa si kuelewa. Akiumizwa kila amwonapo mtoto njiani, yamkini atadhani maumivu yametoka kwa mtoto, akamchukia asiye na hatia. Ujerumani ilikataza mikanda ya miiba katika mafunzo ya mbwa tangu mwaka 2022.

Mikanda ya kifua nayo si dawa ya kila ugonjwa. Ile yenye pete mgongoni ni jamaa ya ile wavaayo mbwa wa Greenland, wakokotao magari yasiyo magurudumu juu ya barafu. Humwezesha mnyama kuvuta bila kuumia. Amvishaye mbwa mikanda hiyo akangoja aache kuvuta, angojea embe chini ya mnazi. Yenye pete kifuani ni afadhali: mbwa avutapo, kigwe humgeuza upande, nguvu zake zikapungua na pumzi yake ikasalimika. Sharti isimbane mabega wala isimchubue makwapani.

Yuko atakayeuliza: je, mzee dhaifu mwenye mbwa mkubwa kando ya barabara ya magari? Swali lake lina uzito. Mbwa huyo hana budi kuzuiwa, kwa salama ya mzee, ya wapitao na yake mwenyewe. Lakini haja ya kuzuia si ruhusa ya kuumiza, maadamu kizuizi kisichoumiza kipo.

Tena, ni nani aliyemfundisha mbwa kuvuta? Kila hatua aliyopewa kigwe kikiwa kimekaza ilikuwa ujira wake. Mwalimu wa kosa hilo ndiye huyo alilalamikiaye. Dawa yajulikana: kigwe kikikaza, mtu asimame, kikilegea, aende, mbwa akitembea ubavuni pake, apewe kipande cha nyama na neno jema. Kazi hii hutaka majuma mengi, na hapo ndipo wengi hushindwa. Mwanadamu hupenda kununua kile apaswacho kukitenda.

Basi kifua na kichukue mvuto, na shingoni pabaki mkanda mwepesi wenye jina la mwenyewe. Lakini hakuna mkanda uwezao kuwa na subira badala ya mkono ushikao kigwe. Mbwa hana baraza la kupeleka mashtaka yake. Amwumizaye katika njia isiyo na watu hana shahidi ila nafsi yake, na uungwana wa mtu hupimwa hapo, mbele ya shahidi huyo mmoja.