Ulimi Hujua Ladha Tu

Barabara itokayo Mombo hupanda mlima kwa mizunguko mingi, ikapita Soni penye maporomoko ya maji, ikafika Lushoto baada ya kilometa 33 hivi. Mtu aliyeondoka katika joto la bonde, akifika huko juu hutafuta koti. Ndiko tulikokuwa majuzi kwa shughuli za kazi yetu, na ndiko tulikosikia mazungumzo yaliyotufanya tushike kalamu leo.

Jioni ile tuliketi kwa mwenyeji wetu pamoja na wazee wawili wa Kisambaa. Palikuwa na boha, yaani pombe ya miwa ijulikanayo sana katika milima ile. Miwa hupondwa, maji yake hukamuliwa, kisha huachwa mpaka yachachuke. Mzee wa kwanza alionja kidogo, akafumba macho, akasema kwamba miwa hii ilikatwa bondeni penye maji mengi, maana utamu wake umekuja upesi na kuondoka upesi. Wa pili akaonja, akakataa. La, alisema, hii ni miwa ya mtelemko, ila imevunwa kabla ya wakati wake, na ule ukali unaobaki nyuma ya ulimi ndio ushahidi. Walishindana hivyo karibu saa nzima, kwa heshima, wala hapakuwa na mmoja aliyemaliza kikombe chake. Mwisho mwenyeji akaulizwa. Akacheka, akasema mzee wa pili amepata.

Habari ya jioni ile haikuishia hapo, nasi tutairudia. Kwanza twapenda kuliweka swali mbele ya wasomaji wetu. Je, watu wanaoketi pamoja kupima ladha ya kinywaji na kusimuliana wanachokisikia ulimini, wafanya jambo jema, au ni ulevi tu uliovaa kanzu?

Msomaji asidhani kwamba mazungumzo ya namna hii ni ya wazee wa Usambara peke yao. Katika nchi ya Marekani wako watu wengi wapendao wiski iitwayo bourbon. Sheria ya huko yataka nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, na iwekwe katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa ndani kwa moto. Mwaka 1964 Bunge la nchi ile liliitangaza kuwa ni kinywaji cha pekee cha Marekani. Wapenzi wake hukutana, kila mmoja na bilauri yake, wakaambiana: huyu asema vanila, huyu sukari iliyoungua, huyu moshi, huyu ngozi ya kiatu kipya. Kitovu cha kazi hiyo ni Kentucky, na mmojawapo wa miji maarufu ni Bardstown, ambao sisi Wakatoliki twaukumbuka pia kwa sababu nyingine: mwaka 1808 ulifanywa makao ya askofu, mmoja wa maaskofu wa kwanza katika nchi ile. Basi mahindi ya Kentucky na miwa ya Lushoto vimeleta swali moja.

Wako watakaojibu mara moja kwamba yote ni ulevi. Twawaheshimu, maana wengi wao wameona nyumba zikivunjika. Lakini haki yatutaka tutenganishe mambo mawili yasiyo sawa. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Wayunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alipochunguza fadhila ya kiasi alisema neno la kushangaza. Alionyesha kwamba mtu asiye na kiasi huitumia ladha kidogo sana, au haitumii kabisa. Kupambanua ladha, alisema, ni kazi ya waonjaji wa divai na ya wapishi. Mlafi hataki kupambanua, ataka kuhisi kile kitu kikipita mwilini mwake. Akataja mlafi mmoja aliyeomba koo lake liwe refu kuliko la korongo, apate kuufurahia mpito ule kwa muda mrefu zaidi.

Neno hilo twaweza kulithibitisha sisi wenyewe. Zamani zile viroba vilipouzwa katika kila kibanda, kabla Serikali haijavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, ni nani aliyeketi na wenzake kuuliza ladha ya kiroba? Kilipasuliwa kwa meno, kikamiminwa kooni, kikatupwa. Kinyume chake mtazame mwonjaji wa chai. Chai ya Usambara, kama ile ya Herkulu na ya Mponde, ni lazima ionjwe kabla haijapata bei. Mwonjaji huivuta kwa kijiko kwa sauti kubwa, akaizungusha kinywani, akaitema, akaenda kwenye kikombe kinachofuata. Huonja vikombe vingi sana, na tumbo lake haliyapati maji hayo. Kadhalika wazee wetu wawili hawakumaliza vikombe vyao. Kwa hiyo twasema bila kuficha kwamba kuonja siko kulewa, na anayeonja vema huwa na sababu ya kunywa kidogo, maana ulimi uliolewa hauna kazi tena.

Hata hivyo Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyejifunza mengi kwa Aristotle, hakuishia hapo. Alipoulizwa kama kunywa divai ni haramu, alijibu kwamba kwa asili yake si vibaya, ila yaweza kuwa vibaya kwa sababu nyingine: kama mnywaji ni mtu wa kudhurika upesi, au amefungwa na nadhiri, au anapita kipimo, au anawakwaza wengine. Twaomba kila baba ayasome mambo hayo manne polepole. Yupo ambaye kwake hata kuonja ni mlango wa shimo, na huyo asijifunike kwa jina la mwonjaji. Tena jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi katika milima hii, hawanywi kabisa, na mfano wao hatuudharau. Shirika la Afya Duniani nalo lilitangaza mwezi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina hatari kwa afya. Mwenye kuonja na aonje akijua hivyo.

Sasa tuyatazame yale maneno yenyewe ya waonjaji. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walijua kwamba neno la mnywaji lina nguvu juu ya kazi ya mgema: sifa ya uongo humharibu. Mwonjaji, basi, ni shahidi, na shahidi amefungwa na kweli. Lakini kusema kweli mbele ya wenzako si jambo jepesi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux nchini Ufaransa walitangaza jaribio lao. Waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya divai divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi wale, waliozoea kazi hiyo, wakaieleza kwa maneno yanayotumiwa kuelezea divai nyekundu. Macho yao yaliuongoza ulimi. Nasi je? Mkubwa akisema pombe hii ni nzuri, ni wangapi wanaothubutu kusema imechacha? Katika meza ya kuonja mtu aweza kujifunza unyofu, na aweza pia kujifunza kusema lile linalopendeza. Ajuaye kukubali kwamba hakusikia ladha wanayoitaja wenzake amepata faida kuliko yule aliyeitaja bila kuisikia.

Lakini hata ulimi ulio mnyofu una mwisho wake. Ulimi hujua ladha tu. Iko sumu iitwayo methanoli, ambayo huenda ikawamo katika pombe kali za kificho, na ulimi hauwezi kuitambua. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu katika nchi jirani ya Kenya walikufa kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo, na wengine wakapofuka. Walionja, na ulimi haukuwaonya. Aliyejua ni yule aliyeichanganya.

Hapo twakumbuka arusi ya Kana ya Galilaya, aliyotusimulia Mtakatifu Yohane katika Injili yake. Mitungi sita ya mawe ilijazwa maji, maji yakageuka divai, na msimamizi wa karamu akapelekewa aonje. Alikuwa mwonjaji hodari. Pale pale alipambanua kwamba divai hii ni bora kuliko ile iliyotangulia, akamwita bwana arusi, akamwambia hivyo. Hukumu yake juu ya ladha ilikuwa sahihi kabisa. Lakini Mwinjili ameongeza neno moja ambalo wengi hulipita: msimamizi hakujua divai ile ilitoka wapi, watumishi walioteka maji ndio waliojua. Yule mwenye ulimi wa elimu alijua utamu, na wale wenye mikono iliyolowa walijua asili yake. Alimsifu asiyestahili sifa ile, kwa kuwa hakuuliza.

Ukiona vyaelea vimeundwa. Hapo ndipo twaona hatari iliyo kubwa katika mazungumzo ya waonjaji, hata wale wasiolewa kamwe. Mtu aweza kuhesabu ladha kumi katika bilauri moja, asimhesabu hata mtu mmoja kati ya wale walioifikisha mezani: aliyelima, aliyekata, aliyebeba mzigo wa miwa kichwani katika mtelemko wenye utelezi, aliyechuma chai katika umande. Tena aweza kusahau yaliyoachwa ili kinywaji kinunuliwe.

Karibu na Soni liko shamba la Sakharani. Sakarani katika Kiswahili cha zamani ni mtu aliyelewa. Ndilo jina la utani alilopewa Tom von Prince, askari Mjerumani aliyepigana na Mkwawa wa Uhehe, kisha akawa mlowezi Usambara, akauawa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914. Husemwa kwamba vitani alikuwa mkali kama mtu aliyeshikwa na pombe. Mahali hapo penye jina la ulevi, watawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto walipanda mizabibu na kutengeneza divai. Nao wanayo Kanuni ya baba yao, iliyoandikwa katika karne ya 6. Benedikto alikiri kwamba afadhali mtawa asinywe kabisa, lakini kwa kuwa watawa wa siku zake hawakukubali, aliwapa kipimo kimoja kwa siku, ambacho wengi hukihesabu kuwa karibu robo lita. Akaongeza kwamba mahali ambapo hata hicho hakipatikani, wamsifu Mungu wala wasinung'unike. Kipimo chake, basi, kilimtazama mtu, kazi yake, na mahali anapoishi. Ladha aliiachia ulimi.

Sasa turudi kwa mwenyeji wetu wa Lushoto. Wakati wote wazee walipokuwa wakishindana, mama mmoja alikuwa amesimama nje karibu na mlango, amejifunika khanga mabegani kwa ajili ya baridi. Alikuwa mkaza mwana wa yule mzee aliyepata, na kwa adabu hakuthubutu kuingia kumkatiza baba mkwe wake. Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani asubuhi kwa sababu ya mchango wa chakula cha shule, na fedha za nyumba huwekwa na mzee. Tulimwona sisi tulipotoka, baada ya saa nzima, wala hatujisifu, maana hata sisi tulikuwa tumekaa tukiisikiliza habari ya miwa.

Mzee alipoelezwa alisimama kimya kidogo. Kisha alisema, "Padre, nimeonja kinywaji cha mwenzangu nikalijua shamba lake. Mtu wa nyumbani mwangu kasimama mlangoni, nisimjue." Akatoa fedha papo hapo, akamwomba radhi yule mama. Hakuwa amelewa; kikombe chake kilikuwa bado nusu. Hakumpiga mtu wala kumtukana mtu. Kosa lake, na letu pamoja naye, lilikuwa kwamba uangalifu wote tuliokuwa nao tuliutia katika kikombe, usibaki wa kumtazama mtu.

Hatuwezi kuwaambia wasomaji wetu kwamba kufurahia ladha ni dhambi. Aliyeiweka ladha katika muwa na katika jani la chai ndiye aliyeuumba ulimi, wala hakuuumba bure. Mtu apokeaye chakula au kinywaji pasipo kukisikia hana shukrani kamili, na mazungumzo ya wazee wale yalikuwa shukrani ya namna yake. Twalosema ni kwamba uangalifu ni mali ya nyumba nzima. Anayeweza kujua kwa tone moja kwamba muwa ulikatwa mapema, aweza pia kujua kwa sauti moja kwamba mkewe amechoka, na kwa mwendo mmoja kwamba mtoto ametoka shule kabla ya saa. Akili ni ile ile. Kinachotofautiana ni mahali inapoelekezwa.

Basi, enyi baba wa nyumba, mkiketi jioni na wenzenu, kabla ya kukisogeza kikombe kinywani tazameni kwanza mlangoni. Kama hakuna aliyesimama pale, onjeni kwa amani, semeni kweli juu ya mlichoonja, na mwisho ulizeni ni nani aliyeteka maji.