Mbegu ya Nyumbani

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia saa 3 usiku, nikiwa nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili. "Shikamoo dada. Nina ombi, lakini usinigombeze kabla hujamaliza kusoma." Nikaweka kalamu chini. Mtu akianza hivyo, ujue ugomvi upo njiani.

Anaishi Hamburg, huu ni mwaka wake wa tisa. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kulima nyumbani kwake mimea ya bangi isiyozidi 3, kwa matumizi yake mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amenunua hema dogo la kitambaa cheusi, ndani linang'aa kama bati jipya, na taa ya kuning'iniza juu. Alilisimamisha pembeni ya kabati la nguo. Kilichobaki kilikuwa mbegu. Maduka ya Ulaya yanazo za kila aina, lakini yeye alitaka ya kwetu, ya milima ya Uluguru. "Mjomba hakosi kujua inapopatikana," aliandika. "Mbegu 10 tu, uziweke ndani ya barua. Ni mbegu ya nyumbani, dada."

Sikumjibu usiku ule. Mjomba anayemtaja alikaa gerezani miaka 4 kwa ajili ya mbegu hiyo hiyo.

Kwa siku kadhaa akawa ananitumia picha za orodha za wauza mbegu, kana kwamba nikizisoma nitalainika. Nilizisoma, maana mimi ni mwalimu wa baiolojia na siwezi kupita mmea bila kuuangalia. Nikajifunza kwamba mtu anayelima ndani ya chumba hujiuliza maswali machache tu. La kwanza ni kimo: mmea usifike kwenye taa. La pili ni muda. La tatu ni jinsia. Bangi ina mimea dume na mimea jike, na maua yanayotafutwa ni ya jike. Jike likipata chavua, nguvu yake inaingia kwenye kutengeneza mbegu, na mvutaji hataki mbegu. Kwa hiyo kampuni huuza mbegu zilizoandaliwa zitoe majike peke yake. Nyingine zimechanganywa na aina fupi ya nchi za baridi, ambayo haisubiri usiku urefuke ndipo ichanue. Inachanua ikifika umri wake.

Baadhi ya majina yalinisimamisha. Kulikuwa na aina inayoitwa Durban na nyingine inayoitwa Malawi, zikiuzwa kwa yuro na watu ambao pengine hawajawahi kukanyaga Durban wala Malawi. Nikaanza kuelewa kwa nini mdogo wangu alitaka ya kwetu. Alikuwa ameona majirani zetu kwenye orodha, sisi hatumo.

Mimi nikamwandikia jambo la kitaalamu, kwa kuwa lilikuwa rahisi kuliko kusema ninachokiogopa. Nilimwambia mimea ya ukanda wetu hairidhiki na hema. Morogoro mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo mmea wa huku hauna haraka. Unarefuka, unachelewa kuchanua, utamgonga taa kabla hajaona ua. Akanijibu kwamba hilo analijua. Ili aina nyingi zichanue ndani ya nyumba, alisema, unazipa saa 12 za mwanga na saa 12 za giza. "Yaani natengeneza siku ya Morogoro ndani ya hema," aliandika. "Huku Desemba jua linazama saa 10 jioni. Kwenye hema langu litachwa saa 12, kama kwa mama."

Ujumbe huo niliusoma mara nyingi. Lugha yetu yenyewe imejengwa juu ya siku hiyo: saa 1 ni jua likishachomoza, saa 12 jioni ni jua likizama, usiku nao una saa zake 12. Mtu aliyeizoea saa hiyo akapelekwa kwenye nchi ambayo jua halina ratiba, anaitafuta popote, hata ndani ya hema la kitambaa. Nikaona kwamba ombi lake halikuwa la kilevi peke yake. Kumnyima mtu kitu anachokiita nyumbani si jambo dogo.

Jumamosi nikapanda gari la Mgeta. Kwa wasioijua njia, unapita Mzumbe, unaingia Mlali, kisha barabara inaanza kupanda mpaka hewa inabadilika na unaona kabichi, njegere na viazi kwenye ngazi za matuta. Kwa sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwangalizi wake. Shamba la mjomba ni letu sisi wapwa zake, mimi na mdogo wangu, kabla halijawa la watoto wake. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini nisingeweza kuamua jambo hili peke yangu na simu mkononi.

Nilimkuta uani, ungo mapajani, anachambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Punje zenye mikunjo aliziweka kushoto kwa ajili ya chungu. Nzima, zenye rangi moja, kulia kwa ajili ya mbegu. Hivyo ndivyo bibi alivyofanya. Bora haliwi. Mwaka wa njaa tulilalamika kwamba tunakula makapi huku mazuri yamefungiwa kwenye kibuyu chenye majivu, juu ya meko. Bibi alikuwa akisema anaangalia mambo matatu: maharage yanayostahimili ubaridi, yanayowahi kuiva kwenye moto mdogo, na yatakayozaa tena. Maswali mawili ya mwanzo ni ya mlaji wa mwaka huu. La tatu ni la mtu ambaye hajafika.

Nilimweleza ombi la mdogo wangu. Nilitegemea hasira. Akauliza tu, "Anasema ni mbegu ya nani?"

"Ya nyumbani, mjomba. Ya mlima."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Ile haikuwa ya mlima. Aliileta mtu wa mjini kwenye mfuko wa rambo. Mimi hata jina lake sikuambiwa."

Hadithi nzima sikuwahi kuisikia kutoka kinywani mwake. Mwaka ule bei ya kabichi ilianguka mpaka watu wakaziacha zioze shambani. Akaja mfanyabiashara na mbegu za mkopo: panda huko bondeni katikati ya mahindi, nitarudi kuchukua majani, tutakatana. Mjomba alikuwa na ada ya shule ya kulipa. Ada yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu. Walipokuja kukamata, walimkuta mwenye jembe. Mwenye mfuko hakuwepo, na kizimbani hakuwahi kuonekana. "Mimi sikuichagua ile mbegu," alisema mjomba. "Nilichaguliwa pamoja nayo."

Nilishuka mlimani nikiwa na sentensi hiyo. Mpaka hapo nilikuwa nikiliona swali kama la kisheria, au la dhambi. Kisheria halina utata. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya haina mzaha na mkulima wa bangi, na mamlaka zinapotangaza zilichokamata, mbegu nazo hutajwa, kwa kilo. Hata Ujerumani, mbegu inayoruhusiwa kuingizwa kwa ajili ya kilimo cha nyumbani ni ile inayotoka nchi za Umoja wa Ulaya. Barua yangu ingekuwa kosa mwanzo wa safari na mwisho wake.

Lakini sheria kukataa hakutoshi kujibu swali. Kabla ya Aprili 2024 kitendo kilichomfunga mjomba kilikuwa kosa pia Hamburg. Leo ni burudani ya jioni. Mmea haukubadilika. Kama ubaya ungekuwa ndani ya jani, ungevuka bahari pamoja nalo. Na kama ubaya ni katazo tu, basi mjomba alifungwa kwa kuzaliwa upande usio sahihi wa ramani. Nimefundisha kijana mwenye akili nyingi ambaye alianza kuvuta akiwa Kidato cha Tatu, akawa anaangalia ubao kama mtu anayeangalia dirisha. Sijui kama bangi ndiyo iliyomtoa shule, au kilichomtoa shule ndicho kilichompeleka kwenye bangi. Kwa hiyo siwezi kusema jani halina lolote. Wala siwezi kusema linaeleza yote.

Nilipompigia mdogo wangu, alikuwa amejiandaa. Alinikumbusha habari ya ua ambalo mimi mwenyewe niliwahi kumfundisha. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya kule Tanga, aliokota kimmea chenye maua ya zambarau kwenye milima ya Usambara akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakipa jina la familia hiyo: Saintpaulia. Ndugu zake wanaota kwenye misitu ya Uluguru pia. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya vibibi vya Ulaya nzima. "Jirani yangu analo jikoni," alisema. "Anadhani ni la Kijerumani. Wao mtoto alimpelekea baba yake mbegu, ikawa sayansi. Wewe ukinipelekea mimi, unakuwa uhalifu?"

Nilikiri kwamba hoja ina uzito. Mkonge nao, uliouzunguka mji wetu kwa vizazi, Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na wengi waliovunja migongo kwenye mashamba yake hawakuulizwa kama wanautaka. Mbegu zimesafiri siku zote, na mwenye nguvu hakuomba ruhusa.

"Lakini angalia nani alilipa," nikamwambia. Yule mtawala aliinama msituni, akasimama, akaandika barua. Hakukuwa na wa kumfunga. Hizi mbegu 10 zako, kuna mtu ataingia bondeni kuzitafuta, na mtu huyo si wewe. Kuna mtu atazibeba mpaka posta, na si wewe. Wewe utakuwa kwenye hema lako, ndani ya sheria, mikono misafi. Usafi wa mikono yako utakuwa umetengenezwa na uchafu wa mikono ya watu wa huku. Yule mwenye mfuko wa rambo alifanya hivyo hivyo.

Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unanilinganisha na yule mtu."

Nikamweleza ada ilikuwa ya nani. Hakuwa anajua. Alikuwa Kidato cha Kwanza wakati ule, na watu wazima walimficha kama tunavyowaficha watoto mambo ya mahakama. Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Sikutaka aondoke na aibu tu, maana hata mimi nilikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimejitungia wazo zuri: kwamba mbegu za kwenye orodha zile zimechaguliwa zisizae tena, kila swali lake linahusu msimu huu na mtu mmoja, wakati maharage ya bibi yalichaguliwa kwa ajili ya asiyefika. Nilipomwambia, akaniuliza mjomba anapanda mahindi gani. Nikalazimika kusema ukweli: chotara, ya dukani, anayoyanunua upya kila mwaka kwa sababu akirudishia mbegu zake mavuno yanapungua. Na hayo maharage yake mazuri, akijaribu kuyauza kama mbegu bila kuthibitishwa, anavunja sheria pia. Hatuko mbali na hema kama tunavyojidai.

Kilichobaki mkononi mwangu baada ya hapo ni kidogo, lakini bado nakishika. Anayechagua mbegu huchagua pia watu watakaoibeba mpaka imfikie, na watu hao hawaandikwi kwenye orodha yoyote. Bibi aliwaona wote, kwa kuwa walikuwa wamekaa naye mekoni, hata yule ambaye hajafika. Mimi na mdogo wangu hatuwaoni, ndiyo maana inatupasa kuuliza. Nikiwa siwezi kuwataja kwa majina, au nikiwataja najua mmoja wao anaweza kufungwa kwa ajili ya starehe yangu, basi sijachagua bado. Nimeagiza tu.

Mbegu sikutuma. Mdogo wangu alinunua za dukani, fupi, majike matupu. Sikumlaumu, ni mtu mzima, na huko anakoishi hakuna anayelipa kwa niaba yake. Baadaye alinitumia picha ya mche wenye majani mawili chini ya taa. Chini yake ameandika: "Hapa ni saa 12 kamili." Siku hiyo hiyo alimpigia mjomba, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Walichozungumza sikuambiwa.

Masika yalipoanza nikapanda tena Mgeta. Mjomba alikuwa amegawa maharage ya mbegu kwenye makopo matatu: lake, langu, na moja ambalo hulitenga kila mwaka kwa ajili ya mdogo wangu, kwa kuwa sehemu ya shamba ni yake, awepo asiwepo. Tukaanza na kopo hilo. Mjomba alipiga vishimo, mimi nikadondosha punje tatu tatu na kufukia kwa mguu.

Tulipofika mwisho wa tuta akanyoosha mgongo. "Yule mwenye hema hajambo?"

"Hajambo, mjomba."

"Mwambie maharage yake yameshaingia chini," akasema, akahamia tuta linalofuata.