Kinyozi Ajinyoaye

Kinyozi hajinyoi, walinena wahenga, na akijinyoa hujikata. Introni, kipande cha katikati ya uzi wa RNA kipasacho kuondolewa, ilidhaniwa kuwa hukatwa na protini. Mwaka 1982 Thomas Cech na wenzake, huko Colorado, Marekani, waliitengeneza RNA ya Tetrahimena, kijidudu cha majini, pasipo protini ya kuikata. Introni ilijikata, na ncha zilizobaki zikaungana. Uwezo huo umo katika mkunjo wake, ikikunjuliwa, haikati.

Je, mtu naye aweza kujiondolea aibu yake bila mkemeaji? Ningejibu ndiyo upesi, walakini introni hiyo haianzi kazi mpaka guanosini moja, chembe ndogo itokayo nje, iingie kiotani mwake. Hata jina la mjikataji, basi, lina chuku kidogo.